Kisiwa Kilijibu Badala Yangu

Kahawa ya kutafuna hufungwa kwa majani makavu ya mgomba, kifurushi chembamba chenye urefu wa kidole, na ukikifungua kinapiga kelele nyingi kuliko kilichomo ndani. Jirani yangu wa hapa Hamugembe, Bukoba, aliporudi kutoka kwao Kanazi aliniletea vifurushi vitatu. Nikaviweka kando ya kompyuta, kwa sababu daktari amenikataza kahawa na mimi ni mtu mtiifu sana mbele ya mashahidi. Harufu yake ni ya moshi wa mbali, majani na uchungu kidogo. Nilikuwa naivuta puani, nikimsubiri mwanafunzi wangu aingie hewani.

Nina mwanafunzi, ndiyo. Waliosoma nami chuo kikuu wakisikia kwamba nafundisha hesabu watadhani nchi imeishiwa watu, na hawatakuwa mbali na ukweli. Kuna kikundi cha wauguzi na walimu kinachowatafutia walimu wa kwenye simu watoto waliomaliza matibabu ya saratani na kurudi makwao, ili wasibaki nyuma ya wenzao milele. Walimu wa kweli walipopungua walinigeukia mimi, mwandishi wa makala, mtu ambaye hesabu yake kubwa kwa wiki ni kuhesabu maneno. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba. Sababu yangu sikuwaambia.

Mwanafunzi wangu anaitwa Advera. Ana miaka kumi, anaishi na bibi yake Muleba, na amekaa karibu mwaka mzima katika hospitali huko Mwanza kwa uvimbe wa taya. Jumamosi ile nilimuuliza saba mara nane. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, mtandao unakatika," na mara nikasikia kelele kama za moto wa majani. Lakini alikuwa ameielekeza simu dirishani, ili nisiuone uso wake, na dirishani kulikuwa na mgomba. Jani lake lilikuwa likipepea taratibu, bila kuganda wala kurukaruka. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Mtoto alikuwa anafinyanga pakiti ya biskuti mbele ya simu.

Niliijua ile kelele. Mkono wangu ukaenda wenyewe juu ya kile kifurushi cha kahawa.

Nilikuwa na umri kama wake uvimbe ulipotokea kwenye taya langu la kushoto. Nyumbani kwetu, Muleba ya juu, kwenye migomba na kahawa, kila mtu alisema ni jino. Likang'olewa jino. Uvimbe ukabaki, likang'olewa la pili. Yalipofika manne, baba alisema kwamba kama ni jino basi ni jino la mtu mwingine, akanipeleka Bukoba, na kutoka Bukoba mama akanivusha kwa meli hadi Mwanza. Neno saratani sikulisikia hata mara moja. Ulikuwa "uvimbe wa taya" tu, na wodini tulikuwa wengi wenye nyuso zilizovimba upande, tukitazamana kama watu waliovaa kofia za aina moja.

Dawa ilikuwa kali, ila ilifanya kazi kwa haraka ya ajabu. Uvimbe uliyeyuka kama samli. Nywele nazo zikaondoka, na mama alipouliza, muuguzi alimweleza kwamba dawa ile haichagui: inaua kibaya na kizuri, lakini kizuri huota tena. Maneno yale niliyashika. Kulikuwa pia na sindano ya mgongo, ambayo sitaieleza. Aliyechomwa anaijua, na asiyechomwa aendelee kulala vizuri.

Lakini kilichonitisha si sindano. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na msichana kutoka visiwani, mcheshi, aliyekuwa akinifundisha kutengeneza nyavu kwa uzi wa kushonea. Siku moja akaanza kusahau. Alisahau jina la mdogo wake, akacheka. Kesho yake akasahau alikuwa anafanya nini na ule uzi. Mama zetu walinong'ona kwamba uvimbe umempanda kichwani. Wiki haikuisha kitanda kikawa na mtoto mwingine, na uzi ukabaki kwangu.

Sasa nifikirieni mimi, juu ya meli ya kurudi Bukoba, nimetangazwa kwamba nimepona, mama amefumba macho anasali kwa furaha. Ili kupitisha muda nikaanza kujisomea jedwali la saba, nililokuwa nikiliimba darasani bila kufikiri. Saba mara moja, saba mara mbili, saba mara tatu. Nilipofika mara sita nikapapasa na sikukuta kitu. Ilikuwa kama kushuka ngazi unazozijua halafu mguu ukakosa kidato. Nikarudi mwanzo, nikaenda tena kwa kasi ili nipite pale bila kuangalia. Hapakuwa na kitu.

Mtoto wa miaka kumi aliyesikia niliyoyasikia mimi hana njia nyingi za kufikiri. Ama dawa imeua jedwali la saba, na siku moja litaota kama nywele. Ama uvimbe umepanda kichwani. Nilimtazama mama akisali. Nikaamua kwamba hakuna mtu atakayejua.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Kila wiki nilitakiwa kupimwa damu, kwa hiyo niliachwa kwa shangazi yangu, Ma Yustina, kule Ijuganyondo, pembeni ya Bukoba, mwendo wa nusu saa kwa miguu hadi kwenye zahanati ya misheni. Ma Yustina alikuwa mjane mwenye migomba mingi na maneno machache. Hakujua kusoma, lakini aliheshimu daftari kama watu wanavyoheshimu sakramenti. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka sufuria juu yake. Mfukoni mwake hamkukosekana vifurushi vya kahawa, na kila tulipofika zahanati alimpa kimoja mlinzi, kimoja mtu wa maabara, na kimoja mimi nikishike, nisitafune, kwa sababu watoto hawatafuni kahawa.

Katika zahanati ile kulikuwa na chumba kidogo chenye redio ya upepo. Ilikuwa sanduku la chuma juu ya meza, betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu uliotoka dirishani ukafungwa kati ya mikaratusi miwili. Parokia na zahanati nyingi zilikuwa na redio kama hiyo, na zote zilikuwa kwenye mawimbi yale yale, kwa hiyo alichosema mmoja kilisikiwa na wote. Ukibonyeza kitufe cha kipaza sauti unasema, ukikiachia unasikia, na huwezi kufanya yote mawili. Ukimaliza unasema "ova". Kila kituo kilikuwa na jina lake. Sisi tulikuwa Mji. Parokia ya kwetu Muleba, iliyopakana na shule yangu, ilikuwa Kilima. Kulikuwa na Kisiwa, ambako katekista mmoja aliyeitwa Ta Laurenti alikaa na redio kati ya wavuvi, na vingine ambavyo nimevisahau.

Asubuhi, Sista Redempta, muuguzi wa zahanati, alikaa mbele ya redio akasoma majibu ya damu kwa ajili ya madaktari wa Mwanza. Jina, kisha namba. Nilikaa kwenye benchi nikasikia jina langu likienda hewani na namba zake nyuma.

Na mchana, siku ya Jumanne na Alhamisi, baada ya watu kula, kipaza sauti kile kile nilipewa mimi. Baba alikuwa amemwendea paroko mara nyingi hadi paroko akachoka kumwona, akakubali dakika kumi. Upande wa pili, kule Kilima, alikaa Mwalimu Rwegoshora wa darasa la nne na chaki mkononi, ingawa hapakuwa na ubao. Nilikuwa nikisikia akiigonga mezani. Alinisomea hesabu, nikaziandika, nikajibu. Daftari langu lilipelekwa Muleba na lori la kahawa kila Ijumaa na kurudi na alama nyekundu. Leo watu wanaliita hilo elimu ya mtandaoni na wanaandaa semina. Sisi tulikuwa na betri ya gari na paroko aliyechoka.

Ila mimi sikuelewa kwamba hayo yalikuwa mambo mawili. Chumba kimoja, redio moja, Sista yule yule kando yangu. Asubuhi namba zangu zinasomwa kwa daktari, mchana naulizwa namba. Nikahitimisha, kwa akili kubwa niliyojaliwa, kwamba ni kipimo kimoja. Damu inapima mwili na Mwalimu anapima kichwa. Siku nitakayoshindwa, Sista ataandika, na kesho asubuhi Mwanza watasikia kwamba umepanda.

Ndipo nilipogundua matumizi ya kifurushi cha kahawa. Mwalimu aliuliza kitu kilichopita kwenye shimo langu, nami kwa woga nilikuwa nimekikaza kile kifurushi mkononi, mkono ukiwa karibu na kipaza sauti. Mwalimu akasema hewani kwamba kuna makelele, hali ya hewa imekuwa mbaya, tuendelee na swali linalofuata. Sikuamini bahati yangu. Tangu hapo, kila swali gumu lilileta hali mbaya ya hewa. Nilibonyeza kitufe, nikafinyanga majani, nikasema kwa sauti ya mtu anayezama, "Kilima, sikupati, sikupati, ova." Sista alikuwa akipanga chupa zake na hakugeuka. Ma Yustina, kwenye benchi, alitikisa kichwa kulaumu ziwa kwa kuharibu mawimbi.

Mwaka ulipokaribia kuisha, Mwalimu Rwegoshora akatangaza hewani kwamba Alhamisi ijayo ataniuliza maswali kumi. Mwalimu Mkuu amekubali: nikipata sita nitaingia darasa la tano na wenzangu Januari. Nikipata chini ya hapo nitarudia la nne, pamoja na mdogo wangu Aneth, ambaye alikuwa anatoka la tatu na alikuwa mjuaji wa kuzaliwa. Watu wote wa vituo vyote walisikia. Kisiwa kikasema, bila kuulizwa, "Tunamwombea mtoto, ova."

Kwa wengine, jambo lilikuwa darasa la tano. Mimi nilijua jambo ni meli ya Mwanza.

Alhamisi ile Ma Yustina alivaa gauni la kanisani. Alinifunga kitambaa kipya kichwani, maana nywele zilikuwa bado kama za kifaranga, na njiani hakusema ila kitu kimoja, kwamba baba yangu alipokuwa mdogo naye aliogopa hesabu na bado alioa. Tulifika mapema. Sista Redempta aliketi safari hii, mikono kwenye mapaja, na daftari la redio limefunguliwa mbele yake. Nililiona lile daftari. Nikajua ndimo atakamoandika.

Maswali mawili ya kwanza yalikuwa ya kujumlisha, nikapata. La tatu lilikuwa la kugawanya, nikakosa, na Mwalimu akasema "si sahihi" kwa upole ulioniuma kuliko fimbo. La nne nikapata. La tano na la sita, madebe ya kahawa na magunia, nikakosa yote mawili. Jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni, pale pale palipoingia sindano. La saba nikapata. La nane, robo na nusu, nikakosa. La tisa nikapata, na nikasikia chaki ikigongwa mezani kule Kilima.

"Mji, umepata tano. Limebaki moja. Saba mara nane ni ngapi? Ova."

Nilikwenda pale kwenye ngazi. Saba mara nne, saba mara tano. Kidato hakikuwepo. Nikamwona msichana wa visiwani akicheka na uzi mkononi. Nikabonyeza kitufe, nikafinyanga kifurushi kwa nguvu zangu zote, na kahawa zikanitoka kati ya vidole zikadondoka sakafuni moja moja.

"Kilima, sikupati. Sikupati. Ova."

Mwalimu akarudia swali, polepole, kwa sauti kubwa. Nikafinyanga tena. Sasa Sista alikuwa ananitazama. Hakuitazama redio, alinitazama mkono.

Nilichosahau, au sikuwahi kukijua, ni desturi ya watu wa redio. Vituo viwili vikishindwa kusikilizana, cha tatu kinachowasikia wote hakisubiri kuombwa. Kinaingia na kupitisha ujumbe: kinachukua huku kinapeleka kule. Ni adabu, kama kumtua mtu mzigo njiani. Na mimi nilikuwa nimelia shida mbele ya nchi nzima.

"Mji, Mji, hapa Kisiwa," ilikuja sauti nzito, tulivu, ya mtu anayefurahi kusaidia. "Nawapata wote wawili vizuri sana. Mwalimu anamuuliza mtoto, saba mara nane ni ngapi. Jibu lake nitalipeleka. Ova."

Sasa hapakuwa na hali ya hewa ya kujificha. Nilibonyeza kitufe. Nilifungua mdomo. Sikusema chochote; nadhani kilichoenda hewani ni pumzi yangu tu. Nikaachia.

Nzi alikuwa anatembea juu ya sanduku la redio. Kisha ile sauti tena, bila haraka:

"Kilima, hapa Kisiwa. Mtoto amejibu hamsini na sita. Ova."

"Nimepokea," akasema Mwalimu Rwegoshora. Chaki ikagonga mezani. "Hamsini na sita ni sahihi. Mji, umepata sita. Hongera, Koku. Ova na kwaheri."

Ma Yustina alipiga ishara ya msalaba, akaja akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema kwa Kihaya, "Waitu, kaisiki kangu," yaani kabinti kangu, na ndiyo mara pekee niliyomwona akitokwa na machozi mbele ya watu. Sista Redempta aliinama, akaokota punje za kahawa sakafuni, akaziweka kwenye kiganja changu na kukifunga.

Mngetegemea nifurahi. Nilifurahi mpaka kwenye geti. Njiani nikaanza kufikiri, na kufikiri hakujawahi kunifaa. Kama Mwalimu ndiye kipimo cha kichwa, na kipimo kimesema kichwa ni kizima, basi Mwanza wataandika nimepona. Uvimbe utabaki humo ndani peke yake, bila mtu wa kuutafuta. Nikisema kweli, meli na sindano. Nisiposema, nitakufa taratibu, nikiwa darasa la tano. Ta Laurenti, kwa wema wake, alikuwa ameniua.

Siku zile sikula vizuri. Nilijipima kila saa: jina la mama, jina la mbwa wetu, sala ya Salamu Maria kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nilijikuta nikipapasa taya mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ma Yustina aliniona nikinong'ona peke yangu kwenye migomba akaamini nimepata wito wa utawa. Alimweleza jirani kwa fahari, na jirani akaleta yai. Nililila lile yai nikajiona mwizi.

Jumanne asubuhi Sista alinifunga mpira mkononi ili atoe damu. Alikuwa anatafuta mshipa, kichwa kimeinama, na labda kwa kuwa hakuwa ananitazama niliweza kusema.

"Sista, kama mtu mwingine amejibu badala yangu, daktari atajuaje kwamba umepanda kichwani?"

Aliufungua ule mpira. Akaiweka sindano kwenye trei, akavuta kigoda, akakaa chini yangu, na akaniuliza nani aliyeniambia kuhusu kichwa. Nikamweleza yote: meli, ngazi, msichana wa uzi, daftari lake la redio, hata yai la jirani. Ilichukua muda, kwa sababu nililia katikati. Hakunikatiza. Nilipomaliza alilichukua lile daftari akanifungulia ukurasa wa Alhamisi. Alikuwa ameandika saa, majina ya vituo, na neno "masomo". Hakuna zaidi.

"Mwanza hawajui hata kama unasoma," akasema. "Damu yako haijui hesabu, Koku, wala hesabu haijui damu. Damu yako naisoma mimi kila wiki. Ni nzuri."

"Na kwa nini nimesahau?"

Hapo ndipo ninapomheshimu hadi leo. Wakati ule watu wa zahanati ndogo hawakuambiwa kwamba dawa zenyewe zinaweza kuchosha akili ya mtoto kwa miaka. Angeweza kunidanganya. Alifikiri, kisha akasema, "Hilo sijui. Daktari akija nitamuuliza, na wewe utakuwepo nikimuuliza. Lakini yule mtoto mwenzako alikuwa akiumwa sana. Wewe unakula mayai ya watu."

Mchana nikakaa mbele ya redio. Nilijua vituo vyote vinasikiliza, kwa sababu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo, na watu walikuwa wametuma salamu. Kifurushi cha kahawa nilimpa Ma Yustina akishike. Nikabonyeza kitufe.

"Mwalimu, ile ya saba mara nane sikujibu mimi. Sikuijua. Na makelele yalikuwa yangu. Ova."

Ma Yustina alisimama. Sijawahi kusikia kimya kirefu kama kile, na nimehudhuria vikao vya idara. Chaki haikugonga.

"Mji, nakupata vizuri," akasema Mwalimu Rwegoshora mwishowe. "Basi ni tano. Utarudia darasa la nne. Leta na hilo jedwali la saba, tutalitafuta pamoja. Ova."

Kisha ile sauti nzito, ikiwa imepungua: "Mji, hapa Kisiwa. Samahani. Nilidhani nimesikia. Ova."

Nikarudia darasa la nne. Msitarajie niwaambie kwamba ulikuwa mwaka mtamu. Nilikaa dawati moja na Aneth, aliyekuwa akimaliza hesabu kabla sijanoa penseli na kunitazama kwa huruma, ambayo kwa mdogo wako ni tusi. Jedwali la saba sikulipata lote. Nilijifunza kulizunguka. Hadi leo, na shahada zangu ukutani, saba mara nane naifikia kwa kupitia saba mara saba, ambayo kwa sababu isiyojulikana haikuguswa. Nafika arobaini na tisa, napumzika, naongeza saba.

Ta Laurenti nilikutana naye uso kwa uso mara moja tu, nikiwa sekondari, alipokuja Bukoba kwenye sherehe ya upadrisho. Alikuwa mfupi, mwembamba. Ile sauti alikuwa ameiazima mahali. Nilimsalimia kwa heshima, "Shikamoo Ta," nikamshukuru, baada ya miaka yote ile, kwa jinsi alivyojaribu kuniokoa mbele ya wote. Alinitazama kwa mshangao. Akaniambia kwamba yeye aliishia darasa la pili, na kwamba kila Jumanne na Alhamisi alikuwa akikaa na daftari kule Kisiwani akiandika maswali yetu yote. Mengi yalimshinda.

"Ile niliijua," akasema. "Nilikuwa nimeijua wiki ile ile. Mwanangu, nisingeweza kukaa kimya."

Kisha akaniuliza jambo lililomsumbua muda wote huo: kwa nini nilikuwa natafuna kahawa wakati wa mtihani.

Yote hayo yalipita kichwani nikiwa nautazama mgomba wa Muleba ukipepea kwenye kioo cha kompyuta. Advera alikuwa bado anafinyanga, lakini bila moyo. Pakiti ilikuwa inakaribia kwisha nguvu. Na mimi nilikuwa na tatizo ambalo Sista Redempta hakuwa nalo. Siku hizi damu na hesabu zinajuana. Kila mwisho wa mwezi najaza fomu, na mojawapo ya vipengele vyake ni hali ya kumbukumbu, na ile fomu inakwenda kwa daktari Mwanza. Sikuweza kumwambia mtoto kwamba anaogopa bure. Kama alikuwa anaogopa nilichokiogopa mimi, basi safari hii kilikuwa na karatasi.

Nikachukua kifurushi cha kahawa. Nikakisogeza kwenye kipaza sauti nikakifinyanga.

Kelele za upande wa pili zikakoma.

"Mwalimu?" akasema.

"Na huku kwangu unakatika," nikamwambia. "Ya kwangu ni kahawa. Ya kwako ni nini?"

Simu ikageuka taratibu kutoka dirishani, mgomba ukaondoka, na uso ukaja: kitambaa cha bluu, macho makubwa, pakiti imekunjwa kifuani. Hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini, ili bibi asisikie, kama nikiandika kwamba amesahau watamrudisha.

Nilimwambia kweli yote, kwa sababu nilidaiwa kweli kwa muda mrefu. Kwamba fomu naijaza. Kwamba daktari ataisoma. Kwamba dawa zilizomponya ndizo zinazochosha kichwa, si ugonjwa kurudi, na daktari anataka kujua ili anielekeze mimi nimfundishe vipi. Kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na uvimbe wa taya kama wake. Nikamgeuzia kamera shavu la kushoto, ambalo limeingia ndani kidogo, ambalo kwa kawaida nalificha kwenye picha. Alilitazama kwa makini kuliko alivyowahi kutazama hesabu yoyote.

"Saba mara nane?" nikauliza tena.

Alishusha pumzi. Niliisikia yote, mtandao ulikuwa safi.

"Sijui," akasema.

"Nakupata vizuri," nikamwambia. "Tuanzie saba mara saba."